Soul haijafa, mkuu

Mkuu, umeuliza kama muziki wa soul umekufa na kama bado kuna filamu za mapenzi za maana. Soul ipo, ila redioni huisikii. Tafuta Small Changes ya Michael Kiwanuka, albamu ya 2024. Jamaa ni Mwingereza, wazazi wake Waganda, na hana papara: anaimba kama mtu anayepiga hodi nyumba ya watu usiku. Mimi huisikiliza nikipiga pasi nguo za kazini. Wapo wanaosema nyimbo zake zinafanana. Sawa, hata chai yangu ya asubuhi inafanana na ya jana na bado nainywa.

Filamu: Past Lives ya Celine Song, 2023. Wawili waliopendana utotoni Seoul wanakutana New York wakiwa watu wazima, na mwanamke ameshaolewa. Karibu na mwisho wanasimama kando ya barabara wakisubiri gari, wanatazamana tu, kimya. Hakuna busu. Nilibaki na rimoti mkononi nisijue nirudishe nyuma au nizime.

Ukitaka kucheka, anza na Rye Lane, ya mwaka huohuo. Mapenzi yanaanzia chooni, jamaa akilia, halafu yeye na msichana wanazurura Peckham na Brixton, mitaa ya London, siku nzima.