Flajela zimepooza, lakini injini ni nzima

SWALI: Nasoma biolojia mwaka wa tatu. Nimepewa mwani wa kijani, Chlamydomonas aina ya pf14. Kwenye hadubini flajela zote mbili, yaani mikia yake ya kuogelea, zinaonekana, ila hazipigi. Je, nihitimishe kwamba jeni ya mwendo, yaani ya dainini (protini inayovuta mirija ya ndani ya flajela ili ipige), imeharibika?

JIBU: Hapana, na naomba hayo maneno "jeni ya mwendo" uyafute kabisa. Kila muhula nayakuta kwenye ripoti.

Kilichoharibika katika pf14 ni jeni ya protini RSP3. Bila protini hiyo, flajela hukosa spoku, vile vijiti vya protini vinavyotoka kwenye jozi tisa za mirija ya pembeni kuelekea mirija miwili ya kati. Spoku hazisukumi chochote. Kazi yake ni kuratibu dainini ipi ivute, lini. Dainini za pf14 zipo na zina nguvu: flajela zake zikitengwa, zikamenywa kidogo kwa tripsini (kimeng'enya kinachokata protini) kisha zikapewa ATP, nishati ya seli, mirija huteleza na kupitana.

Sasa tazama mutanti za oda, yaani mwani uleule wenye mabadiliko mengine ya jeni. Hizo zimepoteza safu nzima ya nje ya dainini, lakini bado zinaogelea! Mapigo hushuka kutoka takriban 60 kwa sekunde hadi karibu nusu, basi. Aliyepoteza sehemu ya injini anatembea, mwenye injini nzima kapooza. Na kuna jambo linalowachanganya wengi zaidi: mabadiliko ya sup-pf1, yaliyo kwenye dainini yenyewe, huzifanya flajela zisizo na spoku zipige tena, ingawa spoku hazirudi.

Ukitaka ushahidi wako mwenyewe, mpandishe pf14 na mwani wa kawaida. Seli zikiungana hupata flajela nne, na zile mbili zilizopooza huanza kupiga, kwa kuwa spoku za mwenzake zimeingia humo.

Uvivu huu wa kuona kasoro moja na kuibandika jeni jina la kazi nzima haukomei maabara. Kuna wanaowauzia wazazi vipimo vya "jeni ya mbio" na "jeni ya hesabu" kwa ajili ya watoto. Kiumbe cha seli moja, chenye flajela za mikromita kumi na kitu, hutumia mamia ya protini kuogelea tu. Anayekuahidi kipaji cha mwanao kutoka kwenye jeni moja, mwulize kwanza jeni hiyo inatengeneza protini gani.