Kifaa kikilia usishangilie: kutafuta urani kwenye matale ukianzia Malindi

Malindi haina matale, yale mawe magumu ya graniti. Pwani yetu ni mawe ya matumbawe na mchanga, na ukielekea bara unapita kwanza mawe ya mchanga ya Duruma ndipo ukutane na miamba mikongwe ya upande wa Tsavo. Lakini kwa kuandaa kifaa cha kupima mionzi, hapa ni mahali pazuri kuliko huko unakokwenda. Anayeruka maandalizi haya huishia kupanda vilima vya watu akifukuza potasiamu.

Hesabu yenyewe ni hii. Itale la kawaida lina potasiamu kama asilimia 4, urani sehemu 4 kwa milioni na thoriamu sehemu 16 kwa milioni. Kila asilimia moja ya potasiamu hutoa mionzi ya takriban nanogray 13 (kipimo cha dozi) kwa saa, kila sehemu moja ya urani 5.7, na ya thoriamu 2.5. Zidisha: potasiamu 52, urani 23, thoriamu 40. Jumla ni 115, na ile urani uliyoifuata kote huko ni moja ya tano tu. Itale jekundu lenye felspari nyingi, madini yenye potasiamu, litakipigisha kifaa kelele bila urani kuongezeka hata chembe.

Ndiyo maana kile kipimo cha bomba la Geiger kinachouzwa mtandaoni kwa bei poa hakifai kwa kazi hii. Kinahesabu yote kwa pamoja. Kinachohitajika ni spektromita ya gama yenye fuwele ya iodidi ya sodiamu, ya milimita 76 kwa 76 ukiipata, inayotenganisha madirisha matatu, yaani vipande vya nishati ya mionzi vinavyopimwa kwa MeV: potasiamu kwenye 1.46 MeV, urani 1.76 na thoriamu 2.62. Fuwele hiyo ni tete. Ukiitoa ghafla kwenye gari lenye kiyoyozi ukaiweka juani inaweza kupasuka, na ukiisahau kwenye buti mchana wa Malindi usomaji wake utahama. Iwashe, iache kivulini nusu saa, kisha hakikisha kilele cha potasiamu kimekaa mahali pake.

Sasa chukua mashua, uende ukapime baharini. Wengi wanalidharau jambo hili, nasi tunaliona ndilo la kwanza. Toka hadi kina cha mita tatu au zaidi, mita mia kadhaa kutoka ufukweni. Maji huzuia mionzi ya ardhini, kwa hiyo kinachobaki ni kile cha angani na cha kifaa chenyewe pamoja na chombo. Pima dakika kumi, uandike kila dirisha peke yake. Hizo ndizo namba utakazopunguza kwenye vipimo vyote vya bara. Kama mashua imepakiwa farumi ya mawe au mifuko ya mchanga, kaa mbali nayo au omba ishushwe. Nenda alasiri, upepo ukitoka baharini. Asubuhi mapema umande, ule upepo utokao nchi kavu, huleta hewa ya bara yenye radoni, gesi yenye mionzi itokanayo na urani, na dirisha la urani litaonyesha kitu ambacho hakipo.

Ukirudi, pima juu ya jiwe tupu la matumbawe, ambalo husoma chini sana, halafu uende Mambrui au Gongoni kwenye mchanga mweusi. Ule una madini mazito, ilmenaiti na zirkoni, na monazaiti ndiyo inayobeba thoriamu. Mionzi ya thoriamu humwagikia kwenye dirisha la urani, na kifaa kisichorekebishwa vizuri kitakuambia umepata urani ufukweni. Chota kilo moja ya mchanga ulioupima, upeleke maabara, ulinganishe. Majibu yakipishana sana na kifaa, kirudishe kwa fundi kabla hujalipia mafuta ya safari.

Huko kwenye matale, mistari yako ikate mipasuko ya mwamba, isiifuate. Mita 100 kati ya mistari na 25 kati ya vituo zinatosha kwa kuanzia. Ukiona dalili, bana hadi 20 kwa 5. Kifaa kikae chini dakika mbili au tatu kila kituo. Mipigo 100 ina kosa la asilimia 10, mipigo 400 ina kosa la asilimia 5, na dirisha la urani hujaa polepole kuliko yote. Usipime ndani ya shimo wala ukiwa umeegemea ukuta wa jiwe: mwamba ukikuzunguka pande zote, namba hukaribia maradufu. Mvua ikinyesha, ngoja saa tatu baada ya kuanuka, kwa sababu huangusha mazao ya radoni kutoka hewani. Tena kumbuka kwamba sehemu kubwa ya unachosoma inatoka kwenye sentimita 30 hadi 40 za juu. Mchanga uliosombwa na maji, ukiwa na kina cha mita moja tu, unatosha kuificha mali yote.

Kwenye daftari, tazama uwiano wa thoriamu kwa urani. Kwenye itale la kawaida huwa karibu 4. Ukishuka hadi 1 au chini, hapo simama ufanye kazi. Vyote viwili vikipanda pamoja, mara nyingi ni monazaiti au zirkoni, urani iliyofungiwa ndani ya chembe ngumu isiyotoka kirahisi. Dalili za kwenye jiwe ni wekundu wa chuma kando ya mipasuko, kwatzi ya rangi ya moshi, na madini ya floriti ya zambarau iliyokolea. Taa ya miale ya urujuanimno ni ya kutumia kwa tahadhari: otunaiti, aina moja ya madini ya urani, hung'aa kijani cha manjano, lakini uraninaiti na kanotaiti, nazo madini ya urani, hazing'ai, na hizo ndizo unazozitaka.

Na usikazie macho vilima peke yake. Kwenye mgodi wa Rössing kule Namibia, unaochimbwa tangu 1976, urani imo ndani ya itale jeupe lenyewe. Lakini Manyoni na Bahi, katikati ya Tanzania, imeoshwa kutoka kwenye matale yanayozunguka ikatua kwenye mbuga, karibu na uso wa ardhi. Sisi katika nchi kame tungeanza na bonde.

Bondeni kuna tatizo lingine. Dirisha la urani kwa kweli linasoma bismathi-214, kizazi cha mbali cha urani kinachokuja baada ya radiamu na radoni. Maji yanaweza kuihamisha urani na kuiacha radiamu, au kuileta urani changa ambayo bado haijazaa. Mizani hiyo huchukua zaidi ya miaka milioni moja kutulia. Kwa hiyo kifaa kinakuonyesha pa kuchimba tu. Kiwango utakisikia maabara.

Maji ya visima nayo yana habari. Chuja kwa kichujio cha maikroni 0.45, weka asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2, na chupa ya pili uiache bila asidi kwa ajili ya bikaboneti. Pima upitishaji wa umeme papo hapo. Kisima chenye chumvi huonyesha urani nyingi kwa sababu ya maji kukauka kwa jua tu, basi gawanya kwa upitishaji huo kabla ya kulinganisha. Majibu yakizidi maikrogramu 30 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, mwenye kisima aambiwe.

Leseni ya utafutaji inatolewa chini ya Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016. Iwe mkononi kabla ya gari kuondoka. Ramani za zamani za Kenya zinatumia mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, na GPS yako hutumia mwingine, WGS84. Ukizichanganya utakosea karibu mita 300, mbali na mpasuko wako kabisa.

Sampuli za mawe ziwe kilo moja hadi mbili, zisihifadhiwe chumba cha kulala. Omba maabara iyeyushe kwa kuunguza na peroksaidi ya sodiamu, maana njia ya kuyeyusha kwa asidi nne huacha zirkoni bila kuyeyuka na urani yake hupotea kwenye ripoti. Wakikuandikia urani tupu, zidisha kwa 1.179 kupata U3O8, yaani oksidi ya urani, kipimo ambacho wanunuzi hutumia.