Wenye mbwa wenzangu, tuache kusema "haumi huyo"

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nyegezi, hapa hapa Mwanza, alinitumia ujumbe mrefu usiku wa saa tano. Mwanawe ana miaka minne. Jirani ana mbwa wawili na geti lisilofungwa, mtoto akitoka tu kucheza wanamtimua mpaka mlangoni kwao. Kila akienda kulalamika anajibiwa kwamba mbwa wale hawaumi, mtoto ndiye mwoga. Mwisho akaniuliza: hivi ninyi wafuga mbwa mna roho za namna gani?

Nilimjibu "pole sana dada", nikazima simu, usingizi ukakata. Maneno ya huyo jirani nimewahi kuyasema mimi, tena kwa sauti, mbele za watu. Hapa mtaani kuna watoto mpaka leo wananiita Haumi. "Shikamoo mzee Haumi." Naitikia marahaba, nifanyeje?

Wengi mnaosoma hapa mnataka nilichokitaka mimi: mbwa mzuri, siyo wa kufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku abweke, bali wa kutembea naye jioni, watu wageuke. Tomi nilimnunua Igoma akiwa mdogo wa kuingia kwenye kikapu. Chotara wa mbwa wa polisi. Nilimlea kwa dona na mapanki, yale mabaki ya samaki, akanyanyuka, akang'aa. Kumfundisha kukaa na kutoa mkono ni habari ya miezi mingi, sitawachosha nayo. Ninachotaka mjue ni kwamba nilijivuna. Jumapili jioni nilikuwa natelemka naye ufukweni Bwiru, fulana safi, kamba mkononi, najiona nimefika.

Mwaka juzi, Jumapili moja kama hizo, simu iliita. Nikaiachia kamba ili niipokee. Dakika moja tu, nikajiambia, na Tomi ameshazoea.

Kulikuwa na katoto ka kike, miaka mitatu hivi, gauni la njano, kameshika andazi. Kalikuwa kanalila kwa kuzungusha pembeni, katikati kanapaacha, kama wafanyavyo watoto wanaotaka kitu kidumu. Tomi aliliona lile andazi kabla yangu. Akaenda. Mtoto akapiga yowe, akakimbia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kwa Tomi anayekimbia anacheza. Akamrukia mgongoni. Mtoto akaenda chini, uso mchangani.

Mimi niko hatua thelathini, simu sikioni, napaza sauti: "Haumi! Haumi huyo! Msiogope!"

Mama yake alimnyanyua mtoto begani, na Tomi akawa anaruka kufuata andazi ambalo mtoto hakuliachia hata sekunde moja. Nilipofika, ndala ilinipata shavuni. Sikumlaumu wakati huo wala leo. Ninachojilaumu ni sentensi niliyoitoa baada ya ndala: "Dada, mtoto wako ndiye kakimbia." Vijana wa bodaboda wa kijiwe chetu walikuwa pale, wote wameisikia. Mmoja tayari alikuwa ameokota jiwe.

Kwenye muundi wa mtoto palikuwa na mchubuko wa kucha, mfupi kuliko kidole changu. Mama akauliza jambo moja: mbwa kachanjwa? Nikasema ndiyo. Akasema, kadi iko wapi?

Sasa nakiri kitu ambacho hata mke wangu alikijua baadaye. Kadi ilikuwa nyumbani, na tarehe yake ilikuwa imepita miezi minne. Kila mwezi nilisema nitakwenda. Nilikuwa na hela ya kola ya ngozi, hela ya chanjo nikaisogeza mbele.

Mama lishe mmoja ndiye aliyekuwa na akili pale. Alileta ndoo, jagi na kipande cha sabuni ya mche, akatuamrisha tuoshe ule mchubuko kwa maji ya kumiminika, bila kuacha, robo saa nzima. Mimi namimina, mama mtoto anasugua taratibu, mtoto analia na andazi limelowa. Baadaye nilijua kwamba yule mama alikuwa sahihi kabisa: sabuni na maji ya kutiririka kwa dakika 15 ndiyo huduma ya kwanza, halafu ndiyo hospitali. Siyo pilipili, siyo mafuta ya taa, siyo jiwe la nyoka.

Hospitali walimchoma sindano siku hiyo, akarudi siku ya tatu, akarudi siku ya saba. Gharama nilibeba mimi pamoja na nauli za bajaji, na kiasi sikitaji kwa sababu kuna mtu nyumbani anasoma hizi makala.

Bwana mifugo aliniambia nimfunge Tomi nimwangalie siku 10. Mbwa mwenye kichaa aliyefikia hatua ya kuambukiza kwa kawaida huonyesha dalili au kufa ndani ya siku hizo. Nilihesabu. Asubuhi nampelekea mapanki nakaa juu ya tofali namtazama anavyomeza. Akichelewa kunywa maji, moyo unanipasuka. Usiku nasoma kwenye simu mambo niliyopaswa kuyasoma kabla ya kununua mbwa: kwamba dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa watu hutokana na mbwa, kwamba katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, kama wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Hata mtoto anayekumbukwa kwa kupewa chanjo ya kichaa cha mbwa na mwanasayansi Louis Pasteur kule Ufaransa mwaka 1885, Joseph Meister, alikuwa na miaka 9, na aliyemng'ata alikuwa mbwa. Nikawa naona gauni la njano kila ukurasa.

Siku ya kumi na moja Tomi aliamka akabweka kama kawaida. Nilikaa chini nikalia, mtu mzima mimi.

Basi, wenye mbwa wenzangu, ushauri wangu ni kamba. Mkononi, siyo shingoni kwa mbwa huku inaburuzika. Fupi, kama mita moja na nusu. Simu ikiita, acha iite. Ukimwona mtoto mbele, vuka barabara wewe, usingoje mama wa watu avuke na mizigo yake. Kama njia ni nyembamba, simama pembeni, mbwa akae, wewe uwe katikati yake na mtoto. Na kamba. Najua nimeshasema.

Chanjo ni kila mwaka, na kadi ipige picha ikae kwenye simu. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na maeneo mengi huchanja mbwa bure siku za karibu na hapo, kwa hiyo ulizia kwa bwana mifugo wa kata yako.

Kuna lingine ambalo vitabu vya kufuga mbwa havina. Ijumaa moja Tomi, akiwa na kamba, alinyoosha shingo akamlamba mtoto wa jirani kwenye kanzu. Hakuuma, hakuchubua. Mama yake akanijia taratibu kabisa: "Baba Neema, wewe unaona kalamba tu. Mimi hii kanzu naiosha mara saba, na mojawapo kwa udongo, na mtoto Ijumaa imempita." Sikuwa na jibu. Tangu siku ile Ijumaa mchana Tomi hatoki, na njia ya msikitini hatupiti. Nimeshaambiwa na rafiki yangu kwamba najidhalilisha. Mbwa wangu, barabara ya wote. Mwenye kubanwa awe mimi.

Lakini wazazi nao, naomba mnisikilize, maana kwenye hili huwa mnajifanya malaika. Nani anayewaambia watoto "usipokula nakuitia mbwa"? Nani anawaona wanamtupia mawe mbwa aliyelala kivulini na kucheka? Mtoto aliyefundishwa kwamba mbwa ni zimwi atakimbia tu, na akikimbia atafukuzwa. Mfundishe kusimama kama mti: mikono kifuani, macho chini, kimya, mpaka mbwa achoke aondoke. Mfundishe asimguse mbwa anayekula wala mwenye watoto. Dakika tano tu za maneno. Unazo, maana za kunirushia ndala ulizipata.

Samahani. Hiyo ya mwisho bado inauma.

Dada wa Nyegezi, wewe hukukosea popote. Nenda kwa jirani mchana, wakati hujakasirika, uombe kitu kimoja tu: kadi ya chanjo. Usibishane kuhusu tabia ya mbwa, utashindwa, kila mtu mbwa wake ni malaika. Akikosa kadi au geti likiendelea kuwa wazi, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na ukimpata bwana mifugo wa kata mwende pamoja.

Yule mtoto wa gauni la njano nilikutana naye mwezi uliopita Mwaloni, Kirumba, mama yake akinunua dagaa. Nilikuwa peke yangu, lakini alijificha nyuma ya khanga. Mama alinisalimia vizuri kuliko nilivyostahili. Mtoto akachungulia, akaangalia nyuma yangu, kulia, kushoto, kisha akauliza: "Umemfunga?"

Nikamwambia nimemfunga. Akaendelea kuchungulia mpaka nilipoondoka.

Chanjo ya Tomi inaisha tarehe 14 mwezi ujao. Nimeiandika kwa mkaa ukutani jikoni. Mke wangu kaifuta mara mbili, mara mbili nimeiandika upya.