Ufukwe huo ni wa nani?

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama kufumba macho na kuuwaza ufukwe kabla ya kulala kunapunguza kweli msongo wa kazini, au unajidanganya tu. Mimi nataka kujua kwanza: ufukwe huo ni wa nani?

Usiku ule mdogo wako alipokuwa chumba cha upasuaji, wewe ukalala kwa shangazi, muuguzi mmoja aliniambia nifumbe macho niione bahari imetulia. Bahari! Mimi ambaye kaka yangu alizama nikimwangalia. Moyo ulinienda mbio, mapigo nikayasikia masikioni. Najua alinitakia mema, lakini mpaka leo nikiikumbuka sauti yake ile ya upole, nakasirika.

Baba yako ndiye aliyenishika mkono akaniuliza cherehani ya bibi yako ilikuwa na mlio gani. Nikaanza kuisikia. Miguu yake ikikanyaga, harufu ya mafuta ya mashine, ubaridi wa gurudumu kiganjani. Pumzi ikashuka yenyewe. Mwili hauulizi kama jambo ni la kweli, nimekuambia mara ngapi? Ukiwaza limau linakatwa, mate yanajaa. Ukimwaza bosi wako anafoka, mabega yanapanda. Basi ufundi wa kuwaza unao, ila unawaza yanayokuchoma.

Au pengine ulikuwa mkono wa baba yako, si cherehani. Hili nimelipima miaka mingi. Alipotutoka nilijaribu peke yangu. Cherehani ililia, nikapata usingizi, lakini haikunifikisha pale iliponifikisha usiku ule. Hata hivyo usingizi niliupata. Mwili hauulizi.

Na picha isipokuja, usijilaumu. Mjomba wako akifumba macho ni giza tupu. Mwaka 2015 Adam Zeman, daktari wa mfumo wa neva huko Uingereza, na wenzake waliipa hali hiyo jina, afantasia. Mjomba hufuata njia ya Johannes Schultz, daktari Mjerumani aliyeiandikia kitabu mwaka 1932: anajiambia taratibu kwamba mkono wake ni mzito, mkono wake una joto, mpaka anauhisi hivyo.

Kuhusu kazi yenyewe hukuniuliza. Neno ninalo, limenikaa kooni tangu ulipokuja mara ya mwisho umekonda vile. Nalimeza. Wewe niandikie tu: ukifumba macho bila kuambiwa na mtu uende wapi, unasikia nini kwanza?

Mama yako