Kiwanda kinasema "italainika", fundi wa mtaani kashika tupa

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Nina shamba upande wa Magarini, na mwaka jana nilipata kibali nikanunua shotigani ya nusu-otomatiki ya gesi, geji 12. Tangu mwanzo ganda linakwama, kila risasi ya tatu au ya nne. Nimesafisha, nimebadilisha aina ya risasi, wapi! Imerudi kiwandani mara mbili, na mara zote imeletwa na karatasi ile ile: hatukuona hitilafu, endelea kuipiga, italainika. Sasa kuna fundi hapa mjini anasema atatanua tundu la gesi na kupiga tupa kidogo, mambo yaishe. Nimpe? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe.

Nimestaafu, sishiki tena silaha za watu, lakini haupiti mwezi bila swali hili kunijia. Huyo mwenye tupa yuko kila mji. Juzi alikuwa anachomelea mageti, leo ni bingwa wa bunduki. Na balaa ni kwamba kazi yake huonekana imefaulu. Akilitanua tundu la mtutu, gesi ya baruti itapita kwa wingi, pistoni itaisukuma kwa nguvu bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ganda litaruka vizuri nawe utamlipa na chai juu. Kisha siku moja utatia risasi nzito za gramu 36, bolti irudi kwa kishindo ambacho chuma chake hakikuumbiwa. Vitu vitaanza kupasuka kwa nyuma, karibu na shavu lako. Tundu likishatanuka halirudi. Hapo dawa ni mtutu mpya.

Tena nani kamwambia kosa ni gesi? Ameokota ganda hata moja akalitazama? Lichukue lililokwama, ulitazame juani. Ukiona ukingo wa shaba umeng'atwa au umechanika, na plastiki ina mikwaruzo, ganda liling'ang'ania ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu: imechongwa vibaya, au ina kutu. Hewa yetu ya chumvi huila chemba msimu mmoja tu wa kusi, basi pitisha kitambaa cheupe kwanza kabla hujamlaumu mtu. Ukingo ukiwa safi na ganda limebanwa kwenye dirisha la kutokea maganda, bolti ndiyo iliyorudi kivivu, na hapo ndipo gesi inapoingia kwenye mashaka. Kwa kosa la kwanza, kutanua tundu ni kumfunga bendeji ya mguu mwenye kuumwa na jino.

Hao wa kiwandani nao wamenichosha. Ni kweli baadhi ya bunduki huja na maelekezo ya kuanza na risasi nzito, pakiti chache, vyuma vizoeane. Wewe ulishapita huko. Na huku kwetu cheti chako kina idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua. Utazitoa wapi mia tano za kulainishia makosa ya mtu mwingine? Niliwahi kuipokea bunduki moja iliyorudishwa na karatasi ya "hakuna hitilafu". Nikapitisha kijiti cha pamba kwenye tundu la gesi, pamba ikabaki humo, imenaswa na ukingo wa chuma ulioachwa na drili. Hawakuwa wameitazama.

Msitishike na mihuri. Bunduki za Italia hujaribiwa mjini Gardone Val Trompia na kupigwa alama, na alama hiyo ina maana yake: mtutu umehimili shinikizo kubwa. Kurusha maganda ni habari nyingine. Marekani ndiyo kabisa: sheria yao ya usalama wa bidhaa ya mwaka 1972 iliziacha bunduki nje, kwa hiyo tume yao ya bidhaa haiwezi kumwamuru mtengenezaji azirudishe zenye kasoro. Hurudisha akipenda.

Kwa hiyo acha kuandikiana na kiwanda. Aliyechukua pesa yako ni muuzaji wa hapa Kenya, na sheria ya mauzo ya bidhaa inamfunga yeye. Mpelekee maganda yaliyokwama pamoja na pakiti zake, kila ganda na tarehe. Mdai akupe karatasi ya kipimo cha chemba na tundu. "Tumeipiga, iko sawa" usiikubali. Akikataa, Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha. Lakini alama moja ya tupa ikionekana, umempa pa kujifichia. Na kutengeneza silaha kwa biashara bila kusajiliwa ni kosa.

Kuna jambo linaloninyima usingizi kuliko waranti. Shamba moja nyuma ya Gongoni nilimkuta mlinzi ameketi kwenye kigoda, bunduki ya namna hiyo katikati ya magoti, mdomo wa mtutu chini ya kidevu, anachokoa ganda kwa bisibisi. Nikamwambia asitikisike. Nikaishika, nikaielekeza kwenye mchanga, nikaikagua: risasi moja nusu imeingia, mbili zaidi kwenye bomba la akiba chini ya mtutu. Akaniambia, "Lakini imekwama, mzee." Yako ikikwama, mdomo uelekee ardhini mahali pasipo mtu, kidole mbali na kifyatulio, toa zilizo kwenye bomba kabla ya kugusa ganda. Na huyo mlinzi wako, kama unaye, umwonyeshe leo jioni.