Nyumba yetu ya Uyole na bei ya dalali

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi na mume wangu tulioana mwaka 2009 na sasa tunaachana. Nyumba yetu iko Uyole, jijini Mbeya. Kiwanja alikinunua kabla hajanioa, lakini nyumba tumeijenga pamoja: nilifyatua matofali, nikawapikia mafundi, na fedha za viazi vyangu ndizo zilizonunua bati. Juzi alimleta dalali ambaye hakuingia hata sebuleni. Alisimama getini akasema nyumba ina thamani ya shilingi milioni 35. Mume wangu anataka nipokee milioni 8 na nisaini karatasi, kwa kuwa kiwanja ni chake na mimi sina ajira. Nikubali?

JIBU: Dada, pole sana kwa hayo unayopitia. Usisaini karatasi hiyo.

Dalali anajua bei za mtaani na maoni yake si ya kudharau, lakini kazi yake ni kuuza. Anayetambulika kisheria kwa kazi ya kukadiria thamani ya nyumba ni mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na kabla ya kumlipa una haki ya kumwomba akuonyeshe usajili wake. Mthamini hasimami getini. Anaingia kila chumba, anapima kuta kwa utepe, anatazama dari, sakafu, nyufa, umeme na maji, anapiga picha, kisha analinganisha na nyumba za jirani zilizouzwa karibuni, au anakadiria gharama za kuijenga upya na kuondoa uchakavu. Mweleze wazi kwamba taarifa ni kwa ajili ya mgawanyo wa mali ya ndoa na kwamba mnataka thamani ya soko ya sasa, kwa sababu mume wako akitoa taarifa ya zamani iliyoandaliwa kwa ajili ya mkopo, huenda kiasi kitakachonukuliwa humo ni kile ambacho benki ingepata nyumba ikiuzwa kwa haraka, nacho huwa chini. Ni vyema mkubaliane mthamini mmoja na mgawane gharama. Mume akikataa, mtafute wako, na mahakama itapima taarifa hiyo pamoja na ushahidi mwingine.

Hata hivyo, thamani ya nyumba ni jambo moja na fungu lako ni jambo jingine, na hapa ndipo naona unadhulumiwa zaidi. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na kinataja mchango wa fedha, wa mali na wa kazi. Kifungu hichohicho kinahusisha pia mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, iwapo imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili, kwa hiyo neno la "kiwanja ni changu" halimalizi shauri. Kuhusu kukosa ajira, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Wewe umefanya hizo, na zaidi ya hizo umefyatua matofali.

Mchango huo utahitaji kuthibitishwa. Tafuta risiti za bati, hata zilizofifia, andika majina ya mafundi uliowapikia na ya jirani aliyekuona ukipanga matofali kwenye tanuri, na weka nakala za karatasi za kiwanja kwa ndugu unayemwamini. Ndoa ikiwa bado haijavunjwa, sheria inamkataza mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa yako. Kama nyumba ina hati, nenda kwa Msajili wa Hati ukaombe kuweka zuio. Kama haina, ipe serikali ya mtaa barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kwa kawaida shauri la talaka huanzia baraza la usuluhishi la ndoa, basi beba taarifa ya mthamini tangu siku hiyo ya kwanza, ili milioni 35 za dalali zisije zikawa tarakimu pekee iliyoko mezani.