Miti ya Juni, vinyungu na mita 60: majibu kwa barua zenu

Barua za safari hii karibu zote ni za maji na miti, kutoka Iringa, Njombe na Mbeya. Nimechagua sita. Ya mama wa Kilolo nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu swali lake ndilo linalozikwamisha kampeni nyingi za mazingira huku Nyanda za Juu Kusini, na wanaoziendesha hawapendi kuulizwa.

Siku ya Mazingira Duniani kikundi chetu kilipanda miche shuleni. Mgeni rasmi alikuja, picha zikapigwa. Kufika Oktoba karibu yote imekauka, na wazazi wanasema tumekula hela. Tufanyeje?
*Katibu wa kikundi cha vijana, Makambako*

Katibu, Siku ya Mazingira Duniani ni Juni 5. Kwa Makambako tarehe hiyo mvua zimeshakatika, kipupwe kinabisha hodi, na mvua ya maana hamtaiona tena mpaka Novemba mwishoni au Desemba. Mche uliozoea kumwagiliwa kitaluni kila jioni mmeuweka kwenye udongo unaoendelea kukauka, ukapigwa na baridi, kisha ukasubiri miezi mitano bila tone. Usingepona hata angeupanda bwana misitu mwenyewe.

Juni 5 iadhimisheni kwa kazi za msimu wake. Huo ndio wakati wa kusia mbegu za misindano ili miche iwe tayari Desemba, kusafisha njia za moto kabla nyasi hazijakauka, na kuzungukia miti ya msimu uliopita na kuihesabu. Mgeni rasmi mpeni daftari ahesabu pamoja nanyi. Kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na mara nyingi hesabu hiyo huishia siku ya kupanda. Nyinyi ripoti yenu iseme: tulipanda mingapi, baada ya mwaka imebaki mingapi.

Kabla hamjapanda tena, ng'oeni miche michache iliyokufa muitazame mizizi. Mkikuta imejizungusha ndani ya kiriba cheusi, yaani kile kifuko cha plastiki cha mche, basi ilipandwa na viriba vyake, kama inavyotokea watu mia wanapopanda kwa nusu saa wakimkimbiza mgeni. Kiriba hupasuliwa kwa wembe, kikatolewa chote bila kuvunja bonge la udongo, kikakusanywa. Wekeni mtu mmoja kwa kila watoto kumi, kazi yake iwe kuangalia hilo tu.

Kuhusu hela, nendeni kwenye kikao cha wazazi na risiti. Someni kila kitu kwa sauti, pamoja na idadi ya miche iliyokufa, halafu waombeni wazazi kila darasa lipewe mstari wake wa kutunza.

Kamwene. Marehemu mume wangu aliniachia kinyungu kando ya mto. Ndicho kinachotulisha kiangazi: mahindi mabichi, maharage, mboga za kuuza. Sasa imekuja kampeni ya kulinda vyanzo vya maji, wamesema mita 60, wakatupa notisi. Nilime wapi hawakusema. Sheria inasemaje?
*Mama wa watoto watatu, Kilolo*

Kamwene, mama. Pole kwa msiba, na pole kwa notisi.

Kwa msomaji asiye wa huku: kinyungu ni shamba la bondeni, linalolimwa kwa matuta wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Familia nyingi za Iringa na Njombe hula vinyungu miezi ambayo mlimani hakuna kitu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa shughuli za kudumu, na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu uhifadhi wa eneo hilo. Kwa hiyo mita 60 hazikutungwa na waliokuletea notisi. Na sababu ipo. Mtu akichimba mfereji mrefu katikati ya dimbwi ili matuta yakauke, maji yaliyokuwa yakitoka taratibu mpaka Oktoba yanakimbia yote Juni. Akichoma nyasi za ukingoni, mvua ya kwanza inausomba udongo wote mtoni. Mito ya Kilolo inashuka mpaka Rufiji, na njiani kuna watu wengi wanaoisubiri.

Ila kampeni inayofika na futi kamba bila mpango wa chakula imefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Mama mwenye watoto watatu ukimwondoa bondeni Juni, Julai atarudi usiku, kwa sababu watoto wanakula kila siku. Nawaambia hili wanaoendesha kampeni hizi, na wengi ni wenzangu: bajeti ya mabango ipunguzwe, fedha iende kwenye kutafuta mahali mbadala kabla notisi haijaandikwa.

Wewe fanya hivi. Omba kipimo kirudiwe mbele yako na mbele ya kamati ya mazingira ya kijiji, kianzie ukingo wa mto. Kama sehemu ya kinyungu iko nje ya mita 60, iwekewe alama na iandikwe. Omba muda wa kuvuna kilichopo shambani, kwa barua kwa mtendaji wa kijiji, na nakala ubaki nayo.

Kisha peleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji: waliotolewa bondeni wapewe ardhi nyingine. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki. Usiende peke yako. Nendeni wote wenye vinyungu, mkiwa na majina na ukubwa wa maeneo yenu kwenye karatasi moja.

La mwisho, ulizeni ukingo wenyewe unaweza kutumikaje bila jembe: mizinga ya nyuki, majani ya kukatia ng'ombe, mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi, mivengi, ile miti ya asili ya kando ya maji. Mambo hayo yanashika udongo na yanaleta chochote nyumbani. Mkikubaliana, yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, maana kampeni ya mwaka kesho italetwa na watu wengine wasioyajua mliyoahidiana.

Jirani amepanda milingoti juu ya chemchemi yetu na maji yamepungua. Nikisema naonekana nina wivu.
*Msomaji, Uyole*

Mlingoti, yaani mkaratusi, unakua haraka kwa sababu unakunywa haraka. Kwenye kilima kikavu sina ugomvi nao: unatupa nguzo, mbao na kuni, na kila gunia la mkaa lisilotoka msitu wa asili ni faida. Penye chemchemi haufai.

Usiende na maneno ya kung'oa. Miti ile ndiyo akiba yake, pengine ada ya mtoto. Nenda na wazee wawili mumwombe avune ikifika kimo cha kuuzika, kwa tarehe mtakayoiandika. Lililo kubwa ni visiki. Mlingoti uliokatwa huchipua tena, na machipukizi yatakunywa vilevile, kwa hiyo makubaliano yaseme machipukizi yataondolewa kila yanapotokea na mahali pake patapandwa mivengi au mikuyu. Akikataa kabisa, peleka kwa kamati ya mazingira.

Mimi nalima mpunga Mbarali. Kila kampeni ya kuokoa Ruaha Mkuu inaanza na mimi au na mfugaji. Nani hasa anaukausha mto?
*Mkulima, Rujewa*

Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo umekuwa ukikauka.

Itazame Ihefu, ile ardhi oevu ya Usangu, kama beseni. Mito ya Usangu, kama Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, inamimina humo, na mdomo wa kutokea ni mmoja, Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Maji yakishuka chini ya kizingiti hayatoki, hata kama bado yapo ndani. Kwa hiyo kiasi kidogo tu kinachopungua Agosti au Septemba kinatosha kukata mto wote huko chini, viboko wakabaki kwenye madimbwi ya matope.

Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu pamoja na mifugo yao. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto uliendelea kukauka. Walioondolewa wengi waliumia, na hilo lisemwe wazi. Ng'ombe wanakanyaga na kuchafua ardhi oevu, lakini hawakuwa wao pekee.

Kiangazi panapopotea maji ni kwenye mifereji. Mpunga umeshavunwa, geti liko wazi, maji yanazagaa mashambani yakikaushwa na jua. Kulima hukosei. Kampeni inayokufaa wewe ni ya kufunga mageti baada ya mavuno na kugawana zamu kupitia jumuiya ya watumia maji, skimu kubwa na ndogo zikifuata zamu ileile. Ukiona wakubwa wameachwa wazi na wewe umefungiwa, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Waulizeni kwa maandishi kila kibali kinaruhusu kiasi gani kiangazi.

Kijiji chetu kiko chini ya Mlima Rungwe. Tunaambiwa tulinde msitu kwa ajili ya kipunji. Watu wananiuliza kima atawalisha nini. Na tunataka sheria ndogo yetu wenyewe.
*Mwenyekiti wa kijiji, Rungwe*

Mwenyekiti, wanauliza vizuri. Wawindaji wenu walimjua kipunji kabla wanasayansi hawajamtangaza mwaka 2005, na 2006 ikathibitika ni wa jenasi (kundi la jamaa wa karibu) yake peke yake. Duniani anapatikana kwenu, jirani yenu Kitulo, na kule Ndundulu kwenye Udzungwa, basi. Mimi nampenda sana. Ila kwenye mkutano anza na maji ya mifereji, ya chai na ya migomba, ambayo yanatoka msitu uleule. Kipunji atasikilizwa baadaye, tena kwa fahari.

Sheria ndogo inatungwa na halmashauri ya kijiji, inajadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kabla ya kuidhinishwa faini yenu haina nguvu, na mtu akiipinga mtaaibika. Faini iwe ya kulipika. Na iseme fedha inaingia wapi, nani anatoa risiti.

Shuleni tumeambiwa tuache kuni. Mimi napikia wanafunzi zaidi ya 300 na nina sufuria za kuni tu.
*Mpishi mkuu, Mafinga*

Serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Agizo ni zuri. Kwako wewe jiko na mafunzo vije kwanza, ndipo kuni ziondoke.

Msaidie mkuu wa shule kuomba. Pima kuni za wiki nzima kwa mizani, andika na bei. Waulize wenye viwanda vya mbao hapo Mafinga kama vumbi la mbao linaweza kutengenezewa mkaa mbadala, maana kando ya shamba la miti la Sao Hill halijawahi kukosekana. Wakati mnasubiri, loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika sufuria ikiwa imefunikwa. Pima tena kuni wiki ya pili, na hesabu zote mbili zibandikwe kwenye barua ya maombi.